Nalipwa Kufuta Diploma

Kodi ya chumba changu hapa Kitui mjini hailipwi na insha. Inalipwa na CV. Nilitoka chuo mwaka wa pili karo iliponishinda, na nilichotoka nacho ni uwezo wa kupanga maneno, kwa hivyo nawapangia watu maneno yao: barua za maombi, wasifu, hata ujumbe wa kumwomba mjomba nauli. Siku hizi wateja wangu wengi ni watu wa kwenda majuu. Hao wamenifundisha kazi ambayo sikujua ipo. Wananilipa shilingi mia tano niwafutie masomo yao.

Anakuja dada ana diploma ya ualimu wa chekechea, au cheti cha uhasibu, au digrii nzima ya kilimo. Ajenti wake amemwambia familia za Ghuba hazitaki msichana aliyesoma sana: atawasumbua, atajua haki zake. Basi tunateremka kwenye ukurasa pamoja. Digrii tunaitoa. Miezi sita ya kujitolea katika ofisi ya kaunti tunaitoa. Inabaki shule ya upili, mara nyingine ya msingi peke yake, halafu tunaongeza kwamba anajua kupiga pasi, kupika na kulea. Mmoja, mwalimu wa hisabati na kemia kutoka upande wa Mutomo, alinitazama nikifuta miaka minne yake kwa kidole kimoja, kisha akauliza, “Na ile ya udereva, tunaiacha?” Tukaiacha.

Nasema haya wazi kwa sababu nimechoka kuambiwa ati kijana wa Kenya hana ujuzi unaotakiwa duniani. Ujuzi anao. Karatasi yake ndiyo haikubaliki ng'ambo, na hilo yeye hawezi kulirekebisha hata akikesha. Hurekebishwa na serikali mbili zikikaa mezani. Yetu imekaa mezani mara nyingi, na kila ikitoka, tunachotangaziwa ni idadi ya kazi.

Chukua Ujerumani. Tarehe 13 Septemba 2024, Rais Ruto na Chansela Olaf Scholz walishuhudia mjini Berlin makubaliano ya uhamaji wa wafanyakazi yakitiwa sahihi. Habari ikaenea kwamba nafasi 250,000 zimefunguliwa. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani ikakanusha: makubaliano hayana nambari yoyote ndani yake. Lakini ile nambari ilikuwa imeshafika Kitui na Wote, na nambari ikishafika kijijini haina gari la kurudi. Wiki hiyo simu yangu haikulala. Watu waliokuwa hawajui Ujerumani iko upande gani wa Italia walitaka barua ya maombi “ya zile laki mbili na nusu”.

Kuna jambo ambalo halikupigiwa kipaza sauti. Muuguzi aliyesomea nje hawezi kufanya kazi kama muuguzi Ujerumani mpaka cheti chake kitambuliwe. Silabasi yake inalinganishwa na ya kwao. Anatakiwa kwa kawaida Kijerumani cha kiwango cha B2. Pengo likionekana, anarudi kwenye mafunzo au anafanya mtihani. Mpaka hapo yeye ni msaidizi tu, anaogesha wagonjwa na kubadilisha shuka kwa mshahara wa msaidizi, wakati kichwani ana elimu ya kuzalisha mama na kusimamia wodi.

Na huyo ni muuguzi, ambaye angalau jina la kazi yake linatafsirika. Afisa wa kliniki je? Ukiugua usiku Kyuso, au siku ya soko Kathonzweni, anayekupima na kukuandikia dawa mara nyingi ni afisa wa kliniki. Amesoma diploma miaka mitatu na kufanya mazoezi mwaka mzima chini ya usimamizi. Kada hiyo, kama tunavyoijua sisi, haipo Ujerumani wala Uingereza. Akifika huko si daktari, si muuguzi. Amebeba noti ambayo hakuna duka linaloipokea. Nimewaandikia CV watatu wa aina hii, na wote watatu waliishia kuomba kazi ya kutunza wazee.

Uingereza inaudhi zaidi, maana huko hakukuwa na lugha mpya ya kujifunza. Au ndivyo tulivyodhani. Julai 2021 Kenya na Uingereza zilikubaliana kwamba wauguzi wetu wasio na kazi waende kufanya kazi kule. Novemba mwaka huohuo, Waziri wa Afya wa wakati ule, Mutahi Kagwe, akasema hadharani kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, waliopita ni 10. Nchi ikacheka. Manesi hawajui Kiingereza, ha ha.

Mimi sikucheka. Nilisoma shule ya msingi ambapo ukisikika unasema Kikamba unavalishwa kibao shingoni, na jioni kile kibao kinakulipisha viboko. Mwanafunzi wa Kenya anafundishwa kwa Kiingereza kuanzia darasa la nne mpaka chuo. Mtihani wa Baraza la Wauguzi ni wa Kiingereza. Faili ya mgonjwa pale hospitali ya Kitui inaandikwa kwa Kiingereza, hata kama mgonjwa mwenyewe ameeleza maumivu yake kwa Kikamba kitupu. Huyo nesi anatafsiri mara mia kwa siku. Halafu anaambiwa alete alama 7 katika kusoma, kusikiliza na kuongea, na 6.5 katika kuandika, kwenye mtihani ambao sehemu yake kubwa ya kuandika ni insha ya dakika arobaini kuhusu mada yoyote ile, isiyo na mgonjwa wala sindano ndani yake. Na matokeo yenyewe yanaoza baada ya miaka miwili. Tulichapwa ili tujue Kiingereza, na sasa tunalipishwa kuthibitisha kwamba tunakijua.

Halafu kuna hili. Maelfu ya vijana wa Kenya, wengi wao na digrii zisizo na kazi, wamekuwa wakijikimu kwa kuwaandikia wanafunzi wa Uingereza na Marekani insha za chuo. Si siri. Profesa Patricia Kingori wa Chuo Kikuu cha Oxford, mwenyewe mzaliwa wa Kenya, amewafuatilia vijana hao, na mwaka 2024 ikatoka filamu juu yao, The Shadow Scholars. Mwaka 2022 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuharamisha kuuza insha hizo kwa wanafunzi wa England. Sasa nipangie hesabu hii vizuri. Kiingereza cha Mkenya kinatosha kumpa Mwingereza digrii. Hakitoshi kumruhusu Mkenya mwenyewe kusoma chati iliyoning'inizwa kitandani.

Najua jibu. Wagonjwa wa huko wana haki ya kulindwa, huwezi kumwachia mtu yeyote sindano. Nakubali kabisa. Hata mimi mama yangu akilazwa Wote nataka anayemshika awe amepimwa. Mtihani wa kazi na uwepo, na upo: Uingereza ina mtihani wa kompyuta na mwingine wa vitendo, ambapo muuguzi anaonyesha mbele ya msimamizi jinsi anavyofanya. Huo naupenda. Swali langu ni kwa nini kabla ya huo kuna mageti mengine mengi, na kwa nini kila geti lina keshia. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unaweka kanuni kwamba wakala wa ajira asimtoze mfanyakazi ada. Njoo ofisini kwangu, yaani kwenye meza yangu ya plastiki kando ya duka la fotokopi, nikuonyeshe vile kanuni hiyo inaheshimiwa. Mtihani wa lugha ni mbuzi wanne. Kupigisha vyeti mihuri, mbuzi. Uchunguzi wa afya, mbuzi. “Usajili” wa ajenti, hapo ni ng'ombe. Msimu mvua ikikataa na ndengu zisipozaa, familia inauza kipande cha shamba, na shamba la Ukambani likishauzwa kwa mtu wa Nairobi halirudi.

Na geti linaweza kufungwa ukiwa umeshalipa. Tarehe 22 Julai 2025 Uingereza ilifunga njia ya kuajiri watunzaji wa wazee kutoka nje. Nilikuwa na wateja wawili wa Makueni waliokuwa wamemaliza kozi ya utunzaji na kulipia kila kitu. Serikali ya Uingereza haikukosea kisheria, ni nchi yao. Lakini hakuna aliyewarudishia hata senti, na ajenti aliyewapeleka kwenye ile kozi sasa anauza Poland.

Kinachonishangaza ni jinsi tunavyozungumza juu ya jambo hili kana kwamba limeanza jana, wakati ushahidi wake wa zamani umesimama kando ya barabara ya Mombasa. Ukifika Makindu utaona hekalu la Masingasinga, lililojengwa mwaka 1926. Msafiri yeyote anakaribishwa chakula pale bila kulipa, nami nimekula dengu na chapati zao mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Hekalu hilo liko pale kwa sababu ya reli. Kati ya 1896 na 1901 Waingereza walileta karibu watu 32,000 kutoka India kujenga reli ya Uganda, wakiwemo maseremala, wahunzi na waashi kutoka Punjab. Walikuwa wahamiaji wa Asia wenye ujuzi, ugenini, hapa hapa Makueni, na takriban 2,500 wao walifia kwenye ujenzi huo. Hakuna aliyemwambia yule mhunzi alete cheti kilichopigwa muhuri na baraza la London. Alipewa nyundo, kazi ikaonekana. Mpaka leo ukisema “kalasinga” Kenya, watu wa umri fulani wanamwona fundi wa magari kabla hawajaona kilemba.

Lakini mshahara? Mshahara ulipangwa kwa rangi. Katika utumishi wa kikoloni Mzungu alikuwa na ngazi yake, Mhindi yake, Mwafrika yake, hata wakifanya kazi ileile. Makhan Singh, mzaliwa wa Punjab aliyekuja Kenya akiwa kijana mwaka 1927, alipigania vyama vya wafanyakazi na malipo sawa, na Waingereza wakamweka kizuizini kuanzia 1950 hadi 1961. Hapo ndipo ninapoona jambo lenyewe. Ujuzi wa mgeni haujawahi kuwa siri kwa anayemwajiri. Anauona siku ya kwanza. Anachotafuta ni sababu ya kuulipia nusu bei. Zamani sababu ilikuwa ngozi. Leo ni karatasi isiyotambuliwa. Hospitali au nyumba ya wazee ya Ulaya inayompata muuguzi wa Kenya kwa mshahara wa msaidizi haijapata hasara, imepata punguzo. Sasa nani ana haraka ya kumtambua?

Waasia wenyewe bado wanaumwa na mdudu huyu. Kanada imekuwa na wahandisi na madaktari kutoka India na Pakistan wanaoendesha teksi Toronto, kwa sababu kila mlango waliobisha uliuliza “uzoefu wa Kanada”, na uzoefu wa Kanada hupatikani mpaka mtu wa Kanada akuajiri. Walilalamika, wakapanga, wakasukuma. Mwaka 2013 Tume ya Haki za Binadamu ya Ontario ikatamka kwamba sharti hilo kwa juu juu tu ni ubaguzi, na mwaka 2021 jimbo likapitisha sheria ya kulipiga marufuku katika taaluma nyingi zenye leseni. Haikumaliza shida, lakini geti lililosemekana kuwa la lazima liliweza kung'olewa. Ufilipino nayo iliingia kwenye mpango na Ujerumani mwaka 2013, ambapo wauguzi wanafundishwa Kijerumani kabla ya kuondoka na mwajiri ndiye anayebeba sehemu kubwa ya gharama. Ufilipino si pepo, watu wake wanateswa Ghuba kama wetu. Lakini wakienda mezani wanajua wanauza nini.

Na sisi pia tunajua, tukitaka. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina makubaliano ya kutambuana vyeti: wahasibu na wasanifu majengo tangu 2011, wahandisi tangu 2012. Mhandisi aliyesajiliwa Nairobi ana njia iliyoandikwa ya kutambuliwa Kampala au Dar es Salaam. Kuna watu katika wizara zetu waliokaa chini wakaandika hayo, kifungu kwa kifungu. Kwa nini wino huo unakauka ndege ikivuka Sahara?

Nitajibiwa kwa pesa. Mwaka 2024 Wakenya walioko nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 5, pesa ambazo nchi hii haiwezi kuzibeza. Hata mimi sizibezi. Nimeona mabati mapya kutoka Mwingi hadi Emali, matangi ya maji, watoto waliomaliza Form Four kwa sababu shangazi anasugua sakafu Riyadh. Mtu akiniambia kazi ya ndani ni aibu tutagombana. Lakini fanya hesabu hata kwa tamaa tupu, ukiacha utu kando: nesi anayelipwa kama nesi atatuma zaidi ya nesi anayelipwa kama msaidizi. Mwalimu wa kemia akifundisha kemia atatuma zaidi ya mwalimu wa kemia akipiga pasi. Serikali inayojisifu kwa pesa hizi inakubali zifike zikiwa nusu.

Kuna wanaosema pia kwamba wanaondoka ni ziada, hawana kazi hapa. Hawana ajira, ndiyo. Kazi ipo. Makueni ilianzisha bima yake ya afya mwaka 2016, shilingi 500 kwa boma kwa mwaka, na ikajenga hospitali ya mama na mtoto pale Wote. Watu walikuja kwa wingi, wakapanga foleni. Foleni ni kazi. Zahanati yenye nesi mmoja, ambayo akienda semina inafungwa kufuli, ni kazi. Uingereza yenyewe ilipositisha kwa muda uajiri kutoka Kenya Novemba ile ya 2021, hoja yake ilikuwa kwamba Kenya ina upungufu wa wahudumu wa afya. Fikiria mnunuzi anayekurudishia bidhaa kwa sababu amegundua wewe ndiye unayeihitaji zaidi, na wewe unamkimbilia nyuma na ratili.

Hapa Ukambani mnada huu si mgeni. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliamua kwamba ng'ombe wa Wakamba wamezidi, udongo unachakaa, lazima wapunguzwe kwa nguvu. Wakati huohuo kiwanda cha nyama cha Liebig's kule Athi River kilikuwa kinataka ng'ombe wa bei ya chini. Ng'ombe walikamatwa wakapelekwa mnadani, na bei ikawa ile ya kutupa. Muindi Mbingu na maelfu ya watu, wazee, akina mama, watoto, wakatembea kwa miguu hadi Nairobi, wakapiga kambi wakidai kumwona Gavana. Muindi Mbingu walimkamata wakampeleka Lamu, lakini upunguzaji ule wa lazima ulisimamishwa. Wale wazee hawakukataa kuuza ng'ombe. Wakamba tumekuwa wafanyabiashara wa masafa marefu kabla ya reli. Walikataa mnada ambao bei imepangwa na mnunuzi akishirikiana na aliyepaswa kuwatetea.

Kwa hivyo sisemi watu wasiende. Waende. Nitaendelea kuwaandikia. Nasema serikali isitie sahihi makubaliano mengine ya kupeleka watu mahali popote kabla ya kuweka vifungu vitatu, na iviweke hadharani kwa lugha tunayosoma: vyeti gani vya Kenya vinatambuliwa na nchi hiyo siku mtu anatua, nani analipia tofauti kama ipo, na mtu analipwa mshahara wa ngazi gani wakati anasubiri. Diploma ya KMTC Kitui ni ileile ya KMTC Makueni, haitakuwa kazi ya miaka kumi kuilinganisha na yao. Waanze na uuguzi. Kisha wakae wamtafutie afisa wa kliniki jina ambalo Ulaya italielewa.

Mikutano ya kazi za majuu itarudi kwenye kaunti zetu, na viti vya plastiki na spika kubwa. Nendeni, na mbebe vyeti vyote, hata vile nilivyowafutia. Mwenye kipaza sauti akitaja idadi ya nafasi, mwulizeni vile vifungu vitatu. Akisema hilo linashughulikiwa, mwulizeni tarehe.